Gari ya kulala tumeinunua mkononi, fundi wa kuaminika Pemba tutampata wapi?

"Assalamu alaykum fundi. Mie na mume wangu tuko Wete. Mwaka jana tulinunua Toyota HiAce ya 2008, dizeli, iliyogeuzwa gari ya kulala huko huko Japani: ina kitanda, jiko, sinki, friji na betri ya pili chini ya kiti. Tuliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama Paje, Unguja. Tulitaka tutembee na watoto skuli zikifunga, na baadae labda tuikodishe. Gari yenyewe inakwenda vizuri, lakini upande wa nyumba kila siku jipya. Betri ya nyuma inakufa saa nane za usiku, friji hata maji hayapoi, na masika haya maji yamevuja juu ya kitanda. Mafundi watatu washaigusa. Wa kwanza alituuzia betri mpya, wa pili akasema friji imeisha gesi, wa tatu anasema altaneta. Watu wananambia Pemba hakuna fundi wa gari hizi, niivushe Unguja au moja kwa moja Dar. Fundi wa kuaminika anapatikana wapi, na kweli nibadilishe altaneta?"

Wa alaykum salaam dada yangu. Nianze na hiyo altaneta, ile mashine ya kwenye injini inayochaji betri, kwa sababu ndo inayotaka kukutoa pesa: usibadilishe. Bado. Katika maelezo yako yote sijaona mahali palipotajwa mita ya kupimia umeme, mafundi watatu wamepita na kila mmoja kataja kile anachokiuza au anachokizoea, wa betri kaona betri, wa friji kaona gesi. Sisemi ni wezi, wengi wetu ndo tulivyofundishwa, unaangalia, unakisia, unabadilisha, ukikosea unabadilisha chengine. Ila anaelipa ni wewe.

Sasa hilo la "Pemba hakuna fundi wa gari hizi". Ni kweli na si kweli. Mie niko Unguja, umeme wa gari ndo kazi yangu zaidi ya miaka ishirini, na hata huku sijakutana na fundi anaekula kwa gari za kulala peke yake. Kwa hivyo ukimtafuta huyo mmoja wa kukushikia kila kitu utazunguka mpaka uchoke, na mwisho atatokea mtu akwambie "niachie tu, naijua" na hapo ndo itaharibika kweli. Hebu itazame gari yako upya: ni HiAce, na juu ya hiyo HiAce mtu kajenga kibanda. HiAce kila mtu anaijua, zinabeba abiria na watalii visiwa vyote viwili, hata Micheweni hukosi mtu wa kuifungua breki. Kibanda ndo tatizo, na kibanda chako dada ndugu yake wa karibu si gari, ni boti. Boti ya kupigia mbizi au ya kuvulia ya kisasa ina betri mbili, ina pampu ya maji ya volti 12, ina bodi ya faiba (plastiki ya nyuzi za kioo), ina waya zinazoliwa na chumvi. Kwa hivyo shuka bandarini hapo Wete au nenda Mkoani, ulizia nani anafunga umeme kwenye maboti ya wageni na nani anaziba faiba. Hao ndo watu wako. Wa tatu ni fundi sola, na Pemba mafundi sola wapo, vijiji vingi vimeishi kwa sola. Ukikosa kabisa, nenda chuo cha amali Vitongoji kawaulize walimu wa umeme, mwalimu mara nyingi anamjua mwanafunzi wake gani mkono wake msafi.

Turudi kwenye betri, na hapa nataka unifuate polepole kwa sababu ukilielewa hili hakuna fundi atakaekuzungusha tena.

Una betri mbili. Ya mbele inawasha injini, ya nyuma inalisha nyumba. Baina yao kuna kidude kinaitwa rilei, injini ikiwaka kinafunga njia na altaneta inachaji zote mbili, injini ikizimwa kinafungua njia ili taa zenu za usiku zisije zikanyonya betri ya kuwashia. Basi nunua mita ya kawaida, zile za rangi ya njano za madukani zinatosha. Gari ikiwa imelala bila kutumika masaa kadhaa, pima betri ya nyuma: ukiona 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, ukiona chini ya 12 imechoka hoi. Halafu washa injini, pima ya mbele. Ikisoma baina ya 13.8 na 14.4 altaneta yako mzima, muage huyo fundi wa tatu kwa adabu. Sasa nenda nyuma bila kuzima injini. Ya nyuma nayo ikipanda hivyo hivyo, njia nzima. Ikibakia 12.2 wakati ya mbele iko 14, basi chaji inakatika njiani, na njiani mna vitu vinne tu: fyuzi, rilei, waya na ethi.

Ethi ndo ya kuangalia mwanzo. Ni ule waya mweusi unaotoka kwenye betri ukafungwa kwa nati kwenye bodi. Mie mwenyewe nilishawahi kumbadilishia mtu altaneta ya gari ya watalii, nikamla pesa yake, wiki ya pili kanirudia na shida ile ile, kuja kuinua zulia chini ya kiti nakuta nati ya ethi imeota unga wa kijani kama ukungu wa mkate, nikaivua, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga nikapaka grisi, bas, volti zikapanda pale pale. Yule bwana niliona haya hata kumtazama. Gari yako imekaa Paje, upepo wa bahari usiku na mchana, kwa hivyo nati zote za ethi zifunguliwe zisafishwe hata kama zinaonekana nzima kwa juu.

Na hiyo betri mpya uliyouziwa angalia ni ya aina gani. Kama ni N70 ya kawaida ya kuwashia gari, hiyo si ya kazi hiyo. Ya kuwashia ina sahani nyembamba nyingi, inatoa moto mkali kwa sekunde chache halafu inajazwa tena, ukiinyonya polepole usiku kucha mpaka chini inakufa mapema. Wakubwa wa Unguja tulilijua hili kwa machungu, umeme ulipokatika kisiwa kizima Disemba 2009 mpaka Machi 2010 watu walifunga inveta (kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) kwa betri za gari, baada ya muda mfupi betri kwisha kazi. Betri ya nyumba iwe ile ya sola, na hata hiyo kama ni ya asidi au jeli usiizoeshe kushuka chini ya nusu. Lithiamu inavumilia zaidi lakini inataka chaja yake, usikubali mtu aitoe ya zamani aweke lithiamu juu ya rilei ile ile bila kubadilisha kitu, altaneta inaweza kuchemka kweli safari hii.

Friji sasa. Fundi wa pili kasema imeisha gesi. Angalia mbele ya friji, kama swichi ina alama tatu, moto wa gesi, 12V na umeme wa ukutani, basi hiyo haina kompresa, ile mota ya friji za nyumbani. Haingurumi, si ndio? Humo ndani mna amonia na maji, zinachemshwa kwa moto mdogo nyuma, amonia inapanda, inapoa, inashuka na huko inavuta joto la ndani ya friji. Ni mabomba yaliyochomelewa kiwandani, haijazwi gesi kama friji ya nyumbani, mtu akikwambia atajaza jua hajawahi kuiona. Na ina tabia zake. Inataka gari ikae sawa, ikiegeshwa kichwa chini maji ya ndani hayatembei. Inataka mgongo wake upumue, zile grili za ubavuni ziwe wazi (nimewahi kukuta mtu kaziziba kwa gundi eti vumbi). Inachukua masaa mengi kupoa, na kwa joto letu hili ukiiwasha asubuhi usitarajie maji ya baridi mchana ule ule, iwashe usiku wa kabla ya safari.

Halafu kuna hesabu. Kwenye 12V friji ya aina hii inakula wati mia na zaidi, tufanye 120. Gawa kwa 12 unapata ampea 10. Mumeegesha saa moja jioni mkaiacha kwenye 12V, mpaka saa nane ni masaa saba, ampea-saa 70 zishakwenda, na betri ya N100, yaani ya ampea-saa 100, kazi yake ya salama ni nusu, 50. Ongeza feni na taa za watoto. Unaona? Moyo wangu unanambia matatizo yako mawili ni moja, betri inakufa saa nane kwa sababu friji inaila, na friji haipoi kwa sababu betri inayoilisha inakufa. Kiwandani upande wa 12V wa friji hizi hufungwa ufanye kazi injini ikiwa inawaka tu, lakini mwenye gari wa mwanzo au fundi fulani anaweza kuwa kairukisha waya ili "ifanye kazi muda wote". Mwambie fundi wa boti aangalie hilo kabla ya jengine lolote. Mkiwa barabarani weka 12V, mkiegesha weka gesi, usiku mmoja utakupa jibu bila kununua kitu.

Ukitaka kuibadilisha, friji ya kompresa ya volti 12 inakula wati 40 mpaka 60 na inawaka na kuzima, kwa nchi yetu ya joto ndo bora, ila si rahisi bei na inataka paneli ya sola na betri ya maana nyuma yake. Mie ningekuwa wewe, kwa safari za usiku mbili tatu ningechukua sanduku la barafu, ningezima hilo friji kabisa mwaka huu, nikatengeneza paa kwanza.

Kwa sababu paa ndo linaloua gari hizi, si injini. Maji yakishaingia yanaoza mbao ndani ya ukuta huku nje panang'aa. Kinachowachanganya watu ni kuwa tone linapodondokea sipo penye tundu, maji yanaingia huko kwenye fremu ya feni ya juu au skrubu za paneli, yanatambaa juu ya dari mpaka yapate bonde ndo yanadondoka, kwenye kitanda kwa bahati yako mbaya. Siku ya jua mtu mmoja akae ndani na tochi, mwengine apige maji kwa mpira kuanzia chini, dirisha kwanza, dakika kumi, halafu apande juu kidogo kidogo. Ukianzia juu yatalowa yote na hutajua ni wapi. Ukipaona, kwangua gundi ya zamani yote. Na tafadhali, silikoni ya bafuni usiiguse, ikishakauka hakuna kitu kinachoshika juu yake tena, hata silikoni nyengine. Tumia ile ya poliyurethani wanayobandikia vioo vya gari, na kama faiba yenyewe imepasuka hiyo ni kazi ya fundi boti na rezini yake. Bonyeza ukuta kwa kidole gumba kuzunguka kitanda chote, pakibonyea kama mkate uliolowa pafunguliwe, usikubali pabandikwe kitu juu.

Kitu kimoja kabla sijasahau, manake kinaweza kuunguza gari: Japani umeme wa majumbani ni volti 100, wetu ni 230. Kile kitundu cha ubavuni cha kuchomekea umeme wa nje, kama chaja na soketi za ndani ni za asili, usichomeke ukutani bila transfoma ya kushusha. Unajua zile redio za Japani zilivyokuwa zikilipuka kwa watu. Ndo hivyo hivyo.

Na gesi ya jiko, hapo sitaki mjaribu wenyewe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, nyinyi mnalala juu yake. Lazima pawe na tundu la wazi chini ya kabati la mtungi, na mpira wake ukiukunja ukaona nyufa utupwe leo. Kuvuja kunapimwa kwa povu la sabuni, mtu akitoa kibiriti mtoe yeye kwanza. Regileta (kile kichwa cha mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi) na mpira afunge mtu wa wakala wa gesi anaejulikana.

Upande wa injini sina maneno mengi. Dizeli za HiAce hizi zina belti ya taimingi (mkanda unaoendesha vali za injini), si cheni, inabadilishwa baina ya kilomita 100,000 na 150,000, na kama huna karatasi ya kuthibitisha lini imebadilishwa hesabu kuwa haijabadilishwa. Tairi usiangalie meno, gari za kulala zinakaa sana tairi zinazeeka zikiwa na meno yote. Ubavuni kuna namba nne za mwisho, 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018. Zikizidi miaka kumi toa, na usidanganyike na tairi za mtumba, na ziwe za mzigo si za salun, kibanda kizito hicho na tangi la maji la lita 80 peke yake ni kilo 80.

Sasa huyo fundi utamjuaje. Usimpe kazi kubwa mara ya kwanza. Mpe ndogo ya kulipwa, kwa mfano hiyo ya kupima chaji na kusafisha ethi, ukae nae hapo hapo na kigoda chako. Angalia nini kinatoka mwanzo kwenye boksi lake, mita au spana. Msikilize kama anauliza: ilianza lini, mliigusa nini kabla, inatokea injini ikizimwa au ikiwaka? Anapiga picha waya kabla ya kuzichomoa? Kitu cha zamani anakurudishia mkononi? Na mtege na swali la friji ya gesi. Akikwambia "hii dada siijui, niache nikaulize", mshike huyo, mnunulie na chai. Pesa ya ufundi mkubaliane mbali na ya spea, na mukiweza spea nunueni wenyewe mkiwa na namba ya chesisi mkononi.

Halafu kinahitajika kidaftari. Kila kilichoguswa kiandikwe, tarehe, nani, volti zilisoma ngapi, na mchoro wa waya hata wa mkono wa mtoto wa skuli. Fundi wa umeme hajui ya faiba na wa faiba hajui ya gesi, anaejua gari nzima ni nyinyi wenyewe. Nimeona gari zilizoharibiwa na mafundi wazuri watatu, kila mmoja kapitisha skrubu kwenye waya wa mwenziwe.

Kuivusha? Kwa haya uliyonieleza, hapana. Pesa ya meli kwenda na kurudi, na gari ikae gerejini wiki mbili huna wa kuisimamia, bora umlipe fundi wa maboti nauli na chakula aje Wete siku mbili. Spea ndo ivuke, si gari, watu wa Dar wanatia kwenye boti ukiwapa namba sawasawa. Yapo machache ambayo ningekwambia uvuke: nozeli za dizeli kama gari inatoa moshi mwingi na inawaka kwa tabu, kwa sababu zinataka mashine ya kupimia, au mkikuta kutu imetoboa chesisi pale inaposhikilia springi, hapo kunahitajika mchomeleaji wa kweli na si mwenye mashine tu. Muombe fundi aingie chini na nyundo ndogo agonge chesisi yote, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama debe lenye mchanga.

Na kuna ambayo husubiri hata siku. Mukisikia harufu kali ya amonia inayochoma macho au mkaona unga wa njano nyuma ya friji, zimeni, fungueni milango, watoto watoke, friji hilo halitumiki tena. Harufu ya gesi ya jiko, fungeni mtungi na msiguse swichi yoyote. Waya ukiwa wa moto kushika au plastiki inanukia, chomoa waya wa betri kwanza ndo upige simu. Na kukodisha watu, dada yangu, lisubiri mpaka gesi na umeme viwe vimekaguliwa na mtu anaejua.

Anza na mita kesho asubuhi kabla hamjaiwasha. Niandikie namba tatu: ya nyuma ikiwa imelala, ya mbele injini ikiwaka, ya nyuma injini ikiwaka, na picha ya swichi ya friji. Kwa hizo nitakwambia umtafute wa boti au wa sola mwanzo.